Koki ya Kumi na Tisa

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mama Koki hakuwa na mtoto aitwaye Koki. Mwanawe wa pekee ni binti, ameolewa mbali, na ana jina lake zuri tu. Hilo la Koki mama mtu alibandikwa kazini, maana kwa miaka kumi na minane alikuwa akifungua na kufunga koki za bomba kwenye bwawa la tope, na ukifanya jambo moja kwa miaka kumi na minane, watu hawaoni sababu ya kukuita kitu kingine.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha shaba. Mawe yalichimbwa, yakasagwa, shaba ikatolewa ikaenda zake kwa wenye nayo, na kilichobaki kilikuwa tope la kijivu, laini kama uji, lisilo na kazi wala mtu wa kulitaka. Pampu ililisukuma tope hilo kwenye bomba nene mpaka bwawani. Ukisikia bwawa usifikirie mahali pa kuogelea. Lilikuwa pori zima la tope, limezungushiwa tuta la udongo, na juu ya tuta ndipo bomba lilipopita na koki zake thelathini na mbili. Mama Koki na wenzake walifungua tatu leo, kesho wakazifunga na kufungua tatu za mbele yake, hivyo hivyo mpaka mzunguko uishe, ili tope litandae sawasawa pande zote. Ukilegea ukamwaga upande mmoja tu, maji hukimbilia upande mwingine na kutuama kando ya tuta. Na tuta likilowa, waliojenga chini yake hawana raha tena.

Spana ya kazi hiyo ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima, na ilikuwa imempa Mama Koki viganja ambavyo wageni walijutia kuvishika. Mdomo nao alikuwa nao. Nyapara aliwahi kumwambia ajaribu kutabasamu kidogo akiwa kazini. "Hilo liko ndani ya mshahara," akauliza, "au lina posho yake?" Nyapara hakurudia.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mdomo huo ulikuwa umelifungia kwa miaka sita, nalo lilimla kila siku.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, waliyemwita Tajiri kwa sababu hakuwahi kukutwa na kitu mfukoni, alifanya kazi naye tutani. Ni Mama Koki mwenyewe aliyemtafutia nafasi hiyo. Siku moja asubuhi koki ya kumi na tisa iliziba. Tope la pale lilikuwa limekauka juu na kufanya ganda. Ukilitazama utadhani ni sakafu. Nyapara akamwambia Tajiri ashuke na ubao, akauzibue mdomo wa bomba. Tajiri akauliza kamba iko wapi. Nyapara akasema kamba iko stoo, na mwenye ufunguo wa stoo ameenda kunywa chai, kwa hiyo sote tuingoje chai? Tajiri akashuka. Ganda likapasuka. Mama Koki alikuwa upande wa pili wa bwawa, kwenye koki ya tatu. Alipofika, pumzi imemkatika kwa mbio, alikuta ubao umelala juu ya tope na wanaume watatu wamesimama, hawatazamani.

Wiki ileile wakaguzi wa migodi walikuwa wanatarajiwa. Kabla zamu haijaisha, kitabu cha wafanyakazi kilikuwa kimeshaandikwa kwamba Tajiri ametoroka kazini. Nyapara akawapitia mmoja mmoja: atakayefungua mdomo, naye atakuwa ametoroka. Kwa Mama Koki nyapara alikuwa na neno la pekee. "Mdogo wako hali tena," alimwambia. "Wewe unakula. Na mama yako anakula." Hapo ndipo alipomweza. Mama Koki alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba Tajiri kakimbia kazi, kaenda asikokujua mtu. Alijichukia kabla hajamaliza sentensi.

Mama yao, mshonaji wa miaka sabini na ushei, alizipokea habari hizo kwa hasira. "Katoroka? Bila hata kuniaga? Mtoto niliyembeba mgongoni mpaka miguu ikawa inaburuza chini?" Tangu siku hiyo, akisikia mtu anamzungumzia, alisonya na kutoka nje. Lakini mvua ikinyesha utamsikia kwenye cherehani yake akinung'unika peke yake: "Sijui huko aliko ana koti, mpumbavu yule."

Kazini nako wenzake walifanya walichoweza. Hakuna aliyetoa amri wala hawakukaa kikao. Mzunguko ulipofika, walifunga ya kumi na nane wakaenda moja kwa moja kwenye ya ishirini. Hawakuwa tayari kummwagia mwenzao tope jingine juu ya lile lililomchukua. Wageni kazini waliambiwa koki ile imeshika kutu, usiiguse. Na kwenye daftari la zamu, Mama Koki, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, aliandika kila mzunguko: kumi na tisa, imefunguliwa, imefungwa. Uongo mtupu, kwa wino wa bluu. Walijua maji yangejikusanya pale. Waliongeza kidogo huku na huku, wakawa wanalikagua tuta kila asubuhi kwa miguu yao wenyewe.

Basi ikaja Jumamosi moja, tangazo limebandikwa getini kwamba saa tano asubuhi kutakuwa na filamu kwenye bwalo la wafanyakazi, njooni na familia zenu, soda zipo. Haikuwa filamu ya kuigiza. Ilikuwa ya hali halisi, kuhusu msanii mmoja wa jiji kuu anayepiga picha za viwanda, machimbo, majalala ya vyuma na mabwawa kama la kwao. Bwawa lao lilikuwamo, tena ndilo lililompatia sifa. Mpiga picha mwenyewe angekuwepo, na mkaguzi wa migodi alikuwa amealikwa.

"Nakwenda na mimi," mama yake akasema. "Miaka yote hii unarudi umechafuka, sijawahi kuona unachofanya huko."

"Mama, ni tope tu. Utasinzia."

"Nisinzie nikiwa na soda."

Hakukuwa na namna. Wakaenda wote wawili, mama mtu katika gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mjukuu, wakakaa safu ya sita.

Filamu ilianza na mpiga picha akipanda ngazi ya chuma, kamera kubwa begani, buti safi kama zimetoka dukani. Sauti nzito ya msimuliaji ikasema kwamba msanii huyu maisha yake yote anatafuta ukimya. Papo hapo ikaonyeshwa nyumba ya pampu, ile ambayo watu wake huongea kwa ishara mpaka nyumbani kwao, na juu yake umewekwa muziki laini wa kinanda.

"Hicho kinanda kiko pampu namba ngapi?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Bwalo likaangua kicheko.

Baada ya hapo hawakushikika. Kwenye jalala la vyuma mzee mmoja aliinuka akaapa kwamba ameliona toroli lake lililopotea. Kwenye machimbo, msanii alipokaa siku tatu kungoja wingu lipite mahali anapopataka, mpishi wa bwalo akasema huyo wangemwajiri akae foleni ya zahanati. Mama yake Mama Koki alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la gauni.

Mama Koki hakucheka sana. Kusema kweli, alianza kumpenda yule mtu kidogo. Alimwona akibeba mizigo yake mwenyewe, akamwona akizitupa picha arobaini ili abaki na moja, akiitazama hiyo moja kwa uso wa mtu asiyeridhika. Mtu anayerudia kazi mpaka ikae sawa, Mama Koki hakuwa na ugomvi naye.

Kisha helikopta ikapaa, na bwawa likajaza kitambaa chote cheupe ukutani.

Bwalo likanyamaza. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona kutoka juu. Kila koki ilikuwa imetandaza tope lake kwa umbo la ungo uliokatwa nusu, na nyungo hizo zilikuwa zimepangana kuzunguka tuta lote, nyingine za kijivu, nyingine za fedha, nyingine zimeingia ukijani wa shaba, ukingo wa moja umelalia ukingo wa mwenzake. Mama Koki aliduwaa. Miaka kumi na minane alikuwa akiona tope na spana. Kumbe alikuwa anafanya kitu hiki. Shingo ilimpanda kwa fahari, nusura amguse jirani yake amwambie, hiyo hapo ni yangu.

Halafu akaliona. Kati ya nyungo mbili palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo maji meusi yametulia.

Kwenye filamu, msanii sasa alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa maonyesho, picha hiyo nyuma yake kubwa kuliko mlango wa gereji, watu waliovaa vizuri wamemzunguka na bilauri mikononi. "Hapa hakuna mkono wa mtu," alikuwa anasema. "Mashine imeachwa peke yake, na bado imechora. Na hili jicho jeusi, sijui limetoka wapi. Ni bahati. Ndiyo maana picha nimeiita *Hakuna Mtu*."

"Pazuri hapo," mama yake akamnong'oneza. "Hapo ndipo unapofanyia kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona wewe sikuoni?"

Taa zikawashwa, watu wakapiga makofi, picha ikaachwa pale pale ukutani, na meneja akainuka na kipaza sauti. Alishukuru kila anayestahili kushukuriwa na wengine wasiostahili. Akasema nakala ya picha hiyo itatundikwa mlangoni mwa ofisi kuu. Kisha akasema, kwa furaha ya mtu aliyebeba habari njema, kwamba sanaa imewasaidia hata wahandisi: kutoka juu wameona shimo ambalo chini halionekani vizuri, maji yanatuama karibu mno na tuta. "Daftari linaonyesha koki ya kumi na tisa imekuwa ikifunguliwa kila mzunguko, kwa hiyo labda bomba lina hitilafu. Jumatatu tutalisafisha, na itafunguliwa siku saba mfululizo mpaka shimo lile lifukiwe kabisa."

"Jicho langu!" mpiga picha akasema, ameshika kifua kwa mzaha. Watu wakacheka.

Mama Koki alitazama mbele. Safu ya tatu, Fundi Pampu, mmoja wa wale watatu wa siku ile, alikuwa ameinamisha kichwa. Safu ya pili alikaa nyapara, ambaye siku hizi haitwi nyapara tena, anaitwa mkuu wa bwawa, na alikuwa anakunywa soda yake kwa mrija bila wasiwasi wowote.

Siku saba. Baada ya siku saba hata sisi wenyewe hatutajua ni wapi, aliwaza. Kitabu kitakuwa kimesema kweli. Na upande wake wa kulia alikaa mama yake, ambaye kwa miaka sita alikuwa na mtoto mtoro, mkosefu, asiye na adabu, lakini mzima. Akisimama sasa atamuua mtoto huyo mbele ya mama yake. Asiposimama atamzika mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, kwa spana ileile, halafu aandike kwenye daftari kwamba kazi imekwenda vizuri.

Akapiga moyo konde akainuka.

"Mama Koki," meneja akasema, "muda wa maswali bado."

"Mimi sina swali."

Akapita kati ya viti mpaka mbele, kivuli chake kikaangukia picha. Alimgeukia mpiga picha kwanza. "Hizi nukta nne nyeusi hapa juu ya tuta. Uliziona?"

Mpiga picha akavaa miwani akasogea. "Niliziona. Nilidhani ni mapipa."

"Hilo pipa la kwanza ni mimi." Bwalo likacheka, naye akangoja wacheke waishe. "Hilo lililoinama ni Fundi Pampu, mgongo unamsumbua. Hayo mengine mawili yamekaa hapo nyuma, moja linakula biskuti. Unasema hapa hakuna mkono wa mtu. Mkono huu hapa. Kila ungo unaouona nimeufungua mimi au mwenzangu, na tukaufunga ulipotosha. Ukiuona umekaa sawa, ni sisi. Ukiuona umepinda, ni sisi vilevile, siku hiyo tulikuwa tumegombana."

"Na jicho?" mpiga picha akauliza. Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua kweli.

"Jicho si bahati. Koki ya kumi na tisa hatujaifungua kwa miaka sita."

Meneja akaingilia kati. "Hapana, hapana. Daftari la zamu linasema..."

"Daftari naandika mimi, na nimeandika uongo. Mzunguko kwa mzunguko, miaka sita. Kwa hilo nishikeni, sikimbii. Lakini na kitabu chenu kimeandika uongo, tena chenu kina muhuri." "Hatuifungui kwa sababu mdogo wangu yuko pale. Hakutoroka. Aliteremshwa kwenye tope bila kamba, akazama, na mkaandika ametoroka kwa kuwa wakaguzi walikuwa njiani."

Aliyasimulia yote, ubao, ganda, ufunguo wa stoo, chai. Upande wa safu ya sita hakuthubutu kuutazama.

Mkuu wa bwawa alikuwa amesimama. "Jamani, huyu mama amechanganyikiwa. Tumhurumie. Kijana alikimbia, kila mtu anajua. Hata nyumbani kwao wanajua!"

"Kaa chini." Hiyo ilikuwa sauti ya Fundi Pampu, na haikuwa kubwa. "Mimi nilikuwepo. Aliomba kamba."

Kisha karibu na mlango wa nyuma mtu mwingine akasema, "Aliomba kamba." Na wa tatu, ambaye siku hizi ni dereva wa greda na alikuwa amemkalisha mkewe na wanawe pembeni, akasimama akavua kofia. "Aliomba kamba," akasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu, nikanyamaza."

"Mwanangu."

Mama Koki akageuka. Mama yake alikuwa amesimama, ameshikilia kiti cha mbele yake.

"Kwa hiyo hakunikimbia?"

"Hakukukimbia, mama. Ni mimi niliyekudanganya."

Watu waliokuwa karibu walitazama chini. "Hilo lako tutalizungumza nyumbani," mama mtu akasema. "Sasa hivi nataka kukiona hicho kitabu."

Meneja akasema kitabu kiko ofisini, ofisi imefungwa, Jumatatu itaundwa kamati. Alikuwa bado anaieleza kamati yenyewe, mwenyekiti na wajumbe, mama akapita taratibu kati ya viti, akafika safu ya mbele, akakaa kwenye kiti cha meneja mwenyewe, mkoba mapajani. "Nangoja," akasema.

Saa nane king'ora cha zamu ya mchana kikalia. Kwa kawaida kikilia, nusu ya bwalo huinuka hata kabla hakijamaliza. Siku hiyo hakuna aliyeinuka. Waliokuwa wamevaa tayari nguo za kazi walikaa nazo. Mkuu wa bwawa akaanza kuita watu kwa kidole, wewe, wewe na wewe, na hao wakamtazama kama wanatazama filamu nyingine. Dereva wa greda akafungua pakiti ya biskuti akaipitisha.

Hapa inabidi uelewe kitu. Pampu ikisukuma na tutani hakuna mtu wa kuhamisha koki, bomba hujaa, na bomba lile likipasuka si mchezo. Meneja alilijua hilo. Mlinzi wa pampu wa zamu ya asubuhi alilijua vizuri zaidi, naye alipiga simu, na kwa kuwa mtu wa pampu hajui kuongea polepole, safu tatu za mbele zilimsikia: hajaja mtu kunipokea, bosi, mimi nazima. Punde mtetemo ambao watu wale walikuwa wameacha kuusikia miaka mingi ukatoka kwenye sakafu, kwenye viti na kwenye chupa za soda. Wakatazamana.

Mkaguzi wa migodi, mwanamke mfupi ambaye muda wote alikuwa hajasema neno, akafunga kalamu yake. "Kileteni kitabu," akasema. "Na cha stoo pia, cha mwaka huo. Nataka kuona kamba ilitoka lini."

Walipokuwa wanangoja, mpiga picha alimfuata Mama Koki pembeni. Uso wake ulikuwa umezeeka ndani ya saa moja. "Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

"Ningemuuliza nani? Nilikuwa juu."

"Tuta lina ngazi."

Mpiga picha akasema atalibadilisha jina la picha, ataandika barua kwa kila aliyeinunua.

"Andika," Mama Koki akasema. "Mimi sikukatazi kuipenda, hata mimi nimeipenda. Lakini nikisikia umesema tena hakuna mtu, nitakuja huko huko jijini kwako, nisimame mbele yake na spana yangu, hao wenye bilauri wanione."

Kitabu kikaja, na vumbi lake. Meneja akakifungua juu ya meza ya soda, akaitafuta siku, akatoa kalamu. Aliandika maneno mawili akakisogeza. Mama alivaa miwani yake ya kushonea akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi: "Amepotea kazini."

"Nini?" Mama Koki akauliza.

"Ni lugha ya kiofisi tu," meneja akasema. "Mpaka uchunguzi ukamilike."

"Anayepotea ni mbuzi. Andika amekufa. Andika alikufa wapi. Andika aliomba kamba."

Meneja akamtazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anasoma kitabu cha stoo na hakuinua kichwa. "Kamba ya kwanza imetoka siku nne baada ya hapo," akasema. "Andika kama anavyokuambia, na niweke sahihi yangu chini. Uchunguzi naufungua mimi leo."

Meneja akaandika. Mama akaupitisha mstari mzima chini ya kidole chake, kama anavyoupitisha mshono wa mteja msumbufu, akarudi mwanzo akaupitisha tena. Kisha kidole kikapanda juu kidogo. "Na hapa palipoandikwa ametoroka?"

"Hairuhusiwi kufuta, mama."

"Usifute. Pigia mstari. Nataka atakayekuja kusoma aone mlichoandika na aone mmekikata."

Mstari ukapigwa. Mkuu wa bwawa alikuwa ametoka nje bila kuaga, na mkaguzi alikuwa ameshaandika jina lake mahali fulani. Ndipo mhandisi, kijana mwenye adabu, akaja kwa Mama Koki akasema kwa sauti ya chini kwamba yote hayo ni sawa, lakini maji bado yako kando ya tuta, na watu wanaishi chini yake.

"Najua kuliko wewe, nimelitembea kila asubuhi," akamjibu. "Vuteni hayo maji kwa pampu ndogo kwanza. Koki itafunguliwa, mimi sina wazimu. Lakini siku tutaipanga sisi, na atakayeifungua ni mimi, na mama yangu akiwa amesimama pale."

Meneja, ambaye ilibidi apate japo kitu kimoja cha kuondoka nacho, akamwambia kwamba kuhusu daftari la zamu ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na huenda akafukuzwa.

"Nitakuja," Mama Koki akasema. "Sema tu ni saa ngapi. Na hao wengine watakuja wote, kwa hiyo tafuteni chumba kikubwa."

Wakatoka nje. Jua lilikuwa kali na uwanja umejaa, wake na waume, zamu zote mbili, hakuna anayejua aende wapi kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimezimwa. Mama yake alitembea hatua chache, ameukumbatia mkoba wake, akafika kwenye ukingo wa saruji wa barabara, akakaa. Akaanza kulia. Hakulia kwa siri wala kwa leso. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akimwita mwanawe, akimwomba radhi kwa kila neno alilomsema miaka sita, mbele ya meneja, mbele ya mkaguzi, mbele ya mpiga picha aliyesimama na kamera shingoni asijue mikono aiweke wapi.

Mke wa dereva wa greda akamvuta Mama Koki nguo. "Shoga, mshike mama. Mtulize. Watu wote wanaangalia."

"Mwache," Mama Koki akasema, akaenda akakaa chini kando ya mama yake. "Waangalie."